Kabla ya Kumtafuta Mtu wa Kumwangalia Mzee

Uangalizi wa nyumbani ni msaada anaopewa mtu asiyeweza tena kujitimizia mwenyewe mahitaji ya kila siku, akiwa kwake, kati ya watu na vitu alivyovizoea. Wilayani Rungwe, mkoani Mbeya, msaada huu hutafutwa kwa haraka. Mama amepata kiharusi, amelazwa hospitali ya Makandana au Igogwe, daktari amempa ruhusa, na watoto waliotoka Mbeya na Dar es Salaam wana siku chache kabla ya kurudi kazini. Simu zinapigwa, jirani anamtaja binti fulani wa Masukulu, nauli inatumwa, na kufikia Jumapili mtu amepatikana. Mpango wa namna hii huvunjika kwa urahisi, na ukivunjika lawama humwangukia binti: mvivu, hana huruma, ametoroka. Lawama hiyo inakikwepa chanzo. Familia ilimchagua mtu kabla ya kuijua kazi, kisha ikamwacha peke yake nayo. Anayetaka mzee wake, au yeye mwenyewe, aangaliwe vizuri nyumbani anapaswa kuipima kazi kwanza, kumchagua mtu baadaye, na kuuhesabu usimamizi kuwa sehemu ya huduma yenyewe, sawa na chakula na dawa.

Dar es Salaam zipo kampuni zinazopeleka wauguzi na wahudumu majumbani kwa malipo. Mjini Tukuyu na katika vijiji vya Rungwe, kuchagua mtoa huduma kwa kawaida ni kuchagua mtu mmoja: binti wa kazi, shangazi, mama wa kanisani, muuguzi mstaafu. Tofauti hii ina uzito zaidi kuliko inavyoonekana. Kampuni inayojiheshimu hupima mahitaji ya mgonjwa, huchuja waombaji, huwafundisha na kuwakagua, na mmoja akiugua humleta mwingine. Pasipo kampuni, shughuli hizo hazifutiki; zinahamia kwa familia. Uingereza ina tume inayojulikana kwa kifupi CQC, ambayo husajili na kukagua mashirika ya huduma za majumbani upande wa England na kuyatangaza matokeo hadharani. Tanzania, muuguzi hupewa leseni na Baraza la Uuguzi na Ukunga, lakini binti asiye muuguzi anayemwogesha na kumlisha mzee hafiki mbele ya baraza lolote. Familia ya Rungwe kwa hiyo ni mwajiri, mwalimu na mkaguzi kwa wakati mmoja, ipende isipende.

Kazi tatu zinazobebeshwa mtu mmoja

Ndani ya kile kinachoitwa kwa ujumla kumwangalia mzee mna kazi tatu zisizofanana. Ya kwanza ni kazi za nyumba: kupika, kufua, kuteka maji, kuwasha moto, kukata majani ya ng'ombe. Ya pili ni kuuhudumia mwili: kuogesha, kuvisha, kulisha, kupeleka chooni, kuinua kutoka kitandani, kumgeuza ubavu. Ya tatu ni uuguzi: kuosha kidonda, kubadilisha mpira wa mkojo, kuchoma sindano ya insulini, kuamua kama presha iliyopanda inahitaji hospitali usiku huu au inaweza kungoja asubuhi. Kazi ya kwanza inajulikana kwa kila aliyelelewa katika nyumba ya kawaida. Ya pili hujifunzwa kwa siku chache mbele ya mtu anayeijua. Ya tatu inahitaji taaluma. Binti anayeajiriwa kwa mshahara wa kazi ya kwanza hujikuta mara moja akifanya ya pili, na baada ya muda anasukumiwa ya tatu, bila mafunzo na bila nyongeza.

Saa nazo hazitoshi. Wiki ina saa 168. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, pamoja na saa za ziada zisizozidi 50 katika kila wiki nne, tena kwa makubaliano. Kwa hesabu hiyo, mtu mmoja hawezi kisheria kuvuka wastani wa saa 57 na nusu kwa wiki. Mzee asiyejigeuza kitandani anahitaji mtu karibu kwa saa zote. Saa 110 na nusu zinazobaki lazima ziwe na mwenyewe: mtoto, mjukuu mkubwa, jirani anayelipwa kidogo kwa ajili ya usiku. Nyingi huangukia kwa binti yuleyule, ambaye analala chumba kimoja na mgonjwa na kuamshwa mara nne kabla ya alfajiri. Mtu asiyelala husahau dawa, huinua vibaya, hukaripia. Ukali unaoshangaza kwa mtu aliyeonekana mpole siku ya kwanza huwa mara nyingi ni uchovu uliokosa pa kwenda.

Mwili wa mgonjwa huyaonyesha matokeo haraka. Ngozi iliyobanwa kati ya mfupa na godoro hukosa damu, na kidonda huweza kuanza ndani ya saa chache, hasa kiunoni, kwenye nyonga na kwenye visigino. Ndiyo maana wauguzi hufundisha kumgeuza mgonjwa takribani kila baada ya saa 2, mchana na usiku. Aliyepata kiharusi huenda akameza kwa shida. Akilishwa uji amelala chali, chakula huingia njia ya hewa, mgonjwa hupaliwa, na homa ya mapafu hufuata. Mwenye kisukari akichomwa insulini halafu chakula kikachelewa, sukari hushuka na anaweza kuzimia. Rungwe inaongeza hatari zake. Ni wilaya inayopata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka katika sehemu nyingi, yenye nyumba zilizojengwa kwenye miteremko na choo nyuma ya migomba. Njia yenye tope kati ya mlango na choo ndipo nyonga huvunjika. Kuanzia Juni hadi Agosti, baridi inapokaza, jiko la mkaa huingizwa chumbani, na moto wake hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Mwenye nguvu huhisi kichwa kinauma akatoka nje. Mzee asiyeweza kunyanyuka hubaki humo. Mhudumu asiyeelezwa mambo haya hana namna ya kuyajua, na wema wake hautayaziba.

Yanayoaminika na yalivyo kweli

Imani ya kwanza ni kwamba ndugu ni bora kuliko mgeni. Ndugu ana sababu ya kujali, lakini kujali hakumfundishi kumwinua mtu wa kilo 70 bila kuumia mgongo. Tena undugu wenyewe una mipaka yake. Katika mila za Wanyakyusa, baba mkwe na mke wa mwana huheshimiana kwa kuepukana. Zamani mke wa mwana hakumtazama mkwe wala kulitaja jina lake. Makali ya mila hiyo yamepungua, ila aibu yake ingali ndani ya nyumba nyingi. Familia inayomwachia mke wa kaka mkubwa kazi ya kumwogesha mzee wa kiume, kwa kuwa yeye ndiye aliyebaki nyumbani, inawaaibisha wote wawili, na mzee huishia kukataa kuoga bila kueleza sababu. Wakati mwingine mgeni anayelipwa, hasa mwanamume wa makamo, humpa mzee heshima ambayo ndugu hawezi kumpa. Ndugu anayechukuliwa akiwa mtoto ni suala jingine kabisa. Sheria hairuhusu kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na mwenye miaka 14 na zaidi anaruhusiwa kazi nyepesi tu isiyomdhuru wala kumzuia kusoma. Kumwinua mtu mzima usiku hakumo katika kazi nyepesi. Umri wa kuanzia uwe miaka 18.

Imani ya pili ni kwamba zamani jambo hili halikuwa tatizo kwa kuwa kila mzee aliishi na wanawe. Historia ya Rungwe haikubaliani nayo moja kwa moja. Monica Wilson, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti na mumewe Godfrey miongoni mwa Wanyakyusa katika miaka ya 1930, alieleza katika kitabu alichokitoa mwaka 1951 jinsi wavulana wa umri wa miaka 10 hivi walivyokuwa wakihama kwa wazazi na kuanzisha kijiji cha rika lao. Waliendelea kula kwa mama na kulima shamba la baba, lakini makazi yalikuwa mbalimbali, na wazee waliishi na wazee wenzao. Vijana nao walikwenda machimbo ya dhahabu ya Lupa na migodi ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Mtoto aliye mbali ana historia ndefu wilayani humu. Kilichopungua ni jirani wa rika: majirani wengi walioweza kupita mlangoni kila siku. Mpango wa leo unapaswa kukirudisha hicho kwa makusudi badala ya kumlaumu mtoto aliyeko Dar es Salaam.

Imani ya tatu humweka muuguzi mwenye cheti kuwa jibu la yote. Muuguzi anayekaa na mgonjwa saa zote ni gharama kubwa, na muda wake mwingi utakwenda kwenye kupika uji na kufua mashuka. Mzee aliye na kidonda au mpira wa mkojo anafaidika zaidi muuguzi akija mara mbili kwa wiki, aoshe, akague ngozi, apime presha na sukari, kisha amwelekeze mhudumu wa kila siku nini cha kuangalia. Fedha zilizobaki zimlipe mtu wa usiku.

Imani ya nne ni kwamba serikali itamhudumia, kwa kuwa matibabu ya wazee ni bure. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa mtu wa miaka 60 na zaidi, na utaratibu wa msamaha humwezesha mzee asiye na uwezo kutibiwa bila malipo katika vituo vya umma. Msamaha huo unaanzia mlangoni mwa kituo. Haulipi mtu wa kumgeuza nyumbani, wala bodaboda ya kumshusha kutoka Mwakaleli. Makao ya wazee yanayoendeshwa na serikali nayo yamekusudiwa wasio na ndugu wala msaada. Mwenye watoto watano wanaofanya kazi si mlengwa wake.

Funzo la wahudumu wa majumbani

Mfano bora wa huduma ya nyumbani katika Mkoa wa Mbeya ulitokana na janga la UKIMWI. Hospitali zilipofurika wagonjwa, vikundi vya wahudumu wa majumbani vilijitokeza, na KIHUMBE, kikundi kilichoanzishwa jijini Mbeya mwanzoni mwa miaka ya 1990, ni miongoni mwa vinavyokumbukwa zaidi. Wahudumu wengi hawakuwa wauguzi. Walikuwa watu wa mtaani waliopewa mafunzo, vifaa vya msingi, orodha ya kaya za kutembelea na mtu wa kituo cha afya wa kumripotia. Walijua dalili zipi wazishughulikie papo hapo na zipi wazipe rufaa. Nguvu ya mpango huo ilikuwa katika kamba inayomfunga mhudumu na kituo. Dada wa kazi anayemwangalia mzee wa kiharusi leo hana kamba hiyo, na familia ndiyo inayoweza kuifunga, kwa hatua nne.

Hatua ya kwanza ni kupima, na ifanyike wodini kabla ya ruhusa. Kipimo kilichobuniwa na daktari Sidney Katz wa Marekani, kilichochapishwa mwaka 1963, kingali kinatumika duniani kwa sababu ni chepesi: je, mtu huyu anaweza mwenyewe kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kutoka kitandani hadi kitini, kuzuia haja, na kula? Kila jibu la hapana liandikwe pamoja na saa linapohitaji mtu. Karatasi hiyo ya saa 24 ndiyo inayoonyesha kama anatafutwa mtu wa mchana tu, wa usiku, au watu wawili wa kupokezana. Muuguzi wa wodi aombwe amwonyeshe ndugu mmoja namna ya kumgeuza mgonjwa na kumlisha akiwa ameketi. Dakika chache za kuonyeshwa zinazidi kurasa nyingi za maelezo.

Hatua ya pili ni kuchagua. Mwombaji aitwe nyumbani, mzee akiwepo, aombwe kumsaidia kutoka kitandani hadi kwenye kiti. Anayemsemesha mzee kabla ya kumshika, akamweleza anachotaka kufanya, ameshajibu maswali mengi. Anayemvuta mkono uliopooza anahitaji kufundishwa kabla ya kuajiriwa. Kitambulisho cha NIDA na barua ya mwenyekiti wa kitongoji anakotoka viombwe, na mwajiri wa awali apigiwe simu na kuulizwa jambo moja mahususi: alipoondoka, aliaga? Anayejitambulisha kuwa muuguzi aonyeshe leseni hai. Lugha nayo ipimwe. Mzee anayepoteza kumbukumbu huweza kurudi kwenye lugha yake ya utotoni. Mhudumu asiyejua Kinyakyusa hataelewa kama mzee anaomba maji au analalamika maumivu. Yafuate majaribio ya wiki mbili yenye malipo kamili, na mwishoni aulizwe mzee mwenyewe. Kauli yake isipuuzwe kwa sababu tu amesahau siku ya leo ni ipi.

Hatua ya tatu ni makubaliano ya maandishi, hata kwa ndugu. Sheria inamtaka mwajiri kumpa mfanyakazi maelezo ya ajira yake kwa maandishi: kazi, saa, malipo. Inampa pia saa 24 za mapumziko kila wiki na siku 28 za likizo yenye malipo kwa mwaka. Amri ya mshahara iliyoanza kutumika Januari 2023 iliweka kima cha chini cha shilingi 60,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa nyumbani anayeishi kwa mwajiri na 120,000 kwa asiyeishi humo. Kima hurekebishwa kwa vipindi, hivyo kiwango kinachotumika kithibitishwe ofisi ya kazi au kwa CHODAWU, chama kinachowatetea wafanyakazi wa majumbani. Kima cha chini kiliwekwa kwa ajili ya kazi za nyumba kwa ujumla. Anayemgeuza mgonjwa usiku anastahili zaidi, na familia isiyomlipa zaidi italipa kwa kutafuta mtu mpya kila msimu. Maandishi yataje pia nani anashika fedha za matumizi na nani anajua namba ya siri ya simu ya mzee. Jibu la swali hili la mwisho lisiwe mhudumu. Kumwondolea mtu kishawishi ni sehemu ya kumlinda.

Hatua ya nne, usimamizi, ndiyo inayosahaulika zaidi. Mtoto aliyeko mbali hawezi kusimamia kwa kutuma fedha na kuuliza jioni kama mama hajambo, kwani jibu litakuwa hajambo. Achaguliwe mtu mmoja wa karibu, jirani mwenye busara au mwanajumuiya wa kanisa, anayepita mara mbili kwa wiki bila taarifa na kulipwa nauli na shukrani. Kazi yake iwe wazi: afunue shuka aone kiuno na visigino, ahesabu vidonge vilivyobaki, anuse chumba, azungumze na mzee mhudumu akiwa nje. Daftari la kawaida likae mezani, liandikwe mlo, dawa, haja, kugeuzwa na jambo lolote lisilo la kawaida. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao serikali ilizindua mwaka 2024 mpango wa kuwaongeza kwa wingi kote nchini, wajulishwe kwamba nyumba hii ina mgonjwa, na namba ya zahanati ibandikwe ukutani pamoja na dalili za kutongojea asubuhi: uso kupinda upande mmoja, kupumua kwa shida, kuzimia, homa kali, mkojo kukatika. Msimamizi amwangalie pia mhudumu. Akimkuta anasinzia mchana, usiku hauna mtu wake na ratiba inahitaji kubadilishwa kabla ya kumbadilisha yeye.

Anayejichagulia mwenyewe ana nafasi ambayo wengine hawana, kwa sababu anaweza kuamua akiwa na nguvu. Mwalimu mstaafu aliyerudi Katumba au Kandete anaweza leo kuweka kishikio chooni, kumwaga kokoto kwenye njia yenye utelezi, kumzoea mtu wa kumfulia mara moja kwa wiki ambaye saa zake zitaongezeka polepole, na kutamka mbele ya watoto wote nani ataamua kuhusu matibabu, nani atashika pensheni, na mavuno ya chai au parachichi yatagharimia nini. Ugomvi wa watoto juu ya gharama za uangalizi huchochewa na jambo ambalo mzee hakulitamka alipoweza.

Familia haziwezi kubeba yote. Halmashauri, kupitia maofisa ustawi wa jamii, inaweza kuweka orodha ya watu waliopata mafunzo mafupi ya kuhudumia wasiojiweza, ili anayetafuta apate pengine pa kuanzia zaidi ya kwa jirani. Hospitali za Makandana, Igogwe na, kwa upande wa Halmashauri ya Busokelo, Itete zinaweza kuyafanya mafunzo ya mlezi kuwa sehemu ya ruhusa, ili mgonjwa asiyejigeuza asiondoke wodini kabla ya mtu mmoja kuonyesha kwa vitendo kwamba anaweza kumgeuza. Makanisa ya Moravian, Kilutheri na Katoliki, yenye vikundi karibu kila kitongoji, yanaweza kuzipangilia ziara ambazo tayari wanakikundi huzifanya kwa wagonjwa: badala ya watu kumi kufika Jumapili moja, wawili wafike kila siku, na mmoja wao akae saa tatu ili mhudumu akalale.